Aliyeuza Fleti ya Ghorofa ya Tatu

Nesi mstaafu alikataa kuketi. Alisimama katikati ya chumba cha kulala ambacho kwa mujibu wa hati kilikuwa chake, mikono kaifumbata mbele kama mtu aliyekuja kumjulia hali mgonjwa wa watu, akamwonyesha Inspekta kabati kwa kidevu.

"Humo chini, afande. Tangu jana sijagusa."

Inspekta akapiga goti. Alikuwa mwanamke wa makamo, mrefu, mwenye sauti ya chini iliyowalazimu watu kumwinamia ili wamsikie. Na wakishainama, aghalabu walisema zaidi ya walivyokusudia. Kabati lilikuwa la ukutani, la mbao nzito na bawaba za shaba, umri sawa na jengo lenyewe, ambalo halmashauri ya jiji ilikuwa imelibandikia kibao cha kulitangaza kuwa la kihistoria na kumkataza yeyote kubadili hata kioo cha dirisha bila kibali. Alitoa kiatu kimoja kimoja, akavipanga juu ya vigae vyenye maua yaliyofifia. Vyeusi vya kamba. Vya kahawia, vya kutokea. Vya ngozi laini, vya kushindia ndani. Ndara za bafuni.

Alipomaliza akasogea nyuma, na Sajini, mtu mzima mwenye kitambi na pumzi fupi, akasogea kutazama. Hapakuwa na haja ya maelezo. Viatu vya kulia vilikuwa vya kawaida. Vya kushoto, kila kimoja, mpaka ndara, vilikuwa vimeongezwa soli nene kiasi cha vidole vitatu.

"Mwenye hivi mguu wake wa kushoto ni mfupi," Nesi alisema. "Tena si ufupi wa kubabaisha. Mtu wa namna hiyo hatoki chumbani bila kiatu chake. Akijaribu, nyonga inamtoa machozi."

"Na aliyekuuzia?"

"Aliyeniuzia alitembea mbele yangu kutoka mlangoni hadi kibarazani, viatu vya wazi, soli bapa. Mguu mosi mguu pili, kama askari wa gwaride."

Sebuleni kikohozi kikasikika, kisha sauti ya mume wake, fundi umeme aliyestaafu mwaka mmoja naye. "Mwambie na mengine. Mwambie tumeuza nyumba ya urithi na kiinua mgongo chako kimeingia humu. Mwambie hatuna pengine pa kulala. Viatu tu! Watu wanahama wanaacha hata vitanda."

"Wewe ulishawahi kuhama ukaacha miguu?" Nesi alimjibu bila kugeuka.

Inspekta aliinuka, akapangusa goti. "Mama, nikikuta mwenye fleti hakuuza, hati yako haitakuwa na thamani ya karatasi iliyochapishwa. Unalielewa hilo?"

"Nilikuwa nalielewa nilipokuja kituoni. Kama ningekuwa silielewi, ningevifunga kwenye mfuko nikavitupa. Nimefanya kazi wodini maisha yangu yote, afande. Kuna mtu mahali fulani hana viatu."

Inspekta akamtaka aeleze upya siku waliyokuja kuiona fleti. Ilikuwa Jumapili, Nesi alisema. Dalali aliwatangulia, wakawakuta mwenye nyumba na mpwa wake wanawasubiri chini ya ngazi. Mwenye nyumba alikuwa bibi mstaarabu, mwenye maneno machache. Mpwa ndiye aliyekuwa msemaji. Alisema shangazi yake ni mwalimu mstaafu, hana mume wala mtoto, ngazi zimemshinda, sasa anakwenda kukaa kwake. Baadaye wakakutana kwa wakili, kitambulisho kikatolewa, saini zikatiwa. Picha ya kitambulisho ilikuwa ya zamani. Bibi yeyote mwembamba aliyejifunga kitambaa kichwani angefanana nayo.

"Hukumwuliza lolote yeye mwenyewe?"

"Nilimwuliza habari ya reli. Ngazi zina reli mbili, mmeona? Ya chuma upande wa wazi, na nyingine ya mbao, imefungwa ukutani, chini chini. Nikauliza ya mbao iliwekwa lini. Akasema hajui, aliikuta."

Inspekta hakuandika. Aliaga, akashuka, na njia nzima mkono wake wa kushoto ulikuwa juu ya reli ile ya mbao. Ilikuwa imelainika kwa kushikwa, na ilikaa sawasawa na kiganja cha mtu anayeinama upande mmoja.

*

Ghorofa ya pili, moja kwa moja chini ya fleti ile, alikaa mwenyekiti wa kamati ya wamiliki, fundi saa mkongwe ambaye hata suruali ya kushindia nyumbani aliipiga pasi. Aliwakaribisha, akasikiliza swali la reli, akacheka kicheko kisicho na furaha.

"Aliikuta? Reli hii? Nyie, reli hii nusura itugawe jengo zima! Wengine tulisema jengo la kihistoria haliwezi kupigiliwa kipande cha mbao ukutani. Mwalimu akatuambia historia isiyomruhusu mtu kufika kwake ni mawe tu. Alikuja kikaoni na mchoro alioupima mwenyewe. Alikwenda halmashauri hadi wakamchoka. Na fundi alipokuja, alisimama juu yake mpaka msumari wa mwisho." Akatikisa kichwa. "Mimi ndiye niliyempinga kuliko wote. Sasa naishika kila siku."

"Uuzaji wa fleti yake uliuidhinisha wewe, mzee."

"Saini ni yangu, ndiyo. Mpwa alileta karatasi za kamati. Kijana namjua, amekulia huko juu. Wazazi wake walipofariki Mwalimu ndiye aliyemchukua, akamlea, akamsomesha."

"Mwalimu mwenyewe ulimwona?"

Mwenyekiti akatazama dari. "Jumapili waliyokuja wanunuzi nilikuwa safarini, mpwa alijua, maana nilimwambia mwenyewe. Na juu kulikuwa kimya majuma kadhaa kabla ya hapo. Miaka yote hiyo nimezisikia hatua zake: nzito, nyepesi, nzito, nyepesi. Nikaambiwa amehamia kwa kijana wake huyo. Hakuniaga. Basi nikanuna." Aliinamisha uso. "Badala ya kuuliza, afande, nikanuna."

Walipokuwa mlangoni akawaita. "Mkamtafute yule dalali. Alikuwa akimgongea Mwalimu kila mara, anataka auze. Nimewasikia wakitupiana maneno."

Macho ya Sajini yakang'aa. Simu ya dalali ilikuwa imezimwa, ofisi yake imefungwa, na jirani wa ofisi hakujua alikokwenda. Hadi wanaingia kwenye gari Sajini alikuwa ameshampandisha kizimbani. Lakini askari waliotumwa nyumbani kwake wakaelekezwa hospitali, na huko ndiko Inspekta alikomkuta, kwenye benchi la nje ya chumba cha upasuaji, shati limechomoka, akimsubiri mke wake.

"Nilimgongea, sikatai," dalali alisema. "Fleti za jengo lile zinatafutwa kama dawa. Lakini kila nikigonga alizungumza nami mnyororo ukiwa mlangoni. 'Siuzi, kijana, nenda salama.' Hivyo tu. Sura yake sikuwahi kuiona. Kisha mpwa akanipigia, eti shangazi amebadili mawazo."

"Na hukushangaa?"

"Nilishukuru. Kwenye kazi hii mtu akibadili mawazo humwulizi sababu." Akajifuta jasho. "Ile Jumapili tulipanda wote pamoja. Mimi ndiye niliyehema. Yule bibi alipanda kama msichana."

Mlango wa upasuaji ukafunguka, daktari akatoka akitabasamu, na dalali akasahau kwamba anahojiwa na polisi. Inspekta akamwacha aende.

"Nilikuwa nimeshamfunga," Sajini alinung'unika.

"Mfungue."

*

Mpwa alikuwa meneja wa duka la vifaa vya ujenzi, mwanamume nadhifu wa miaka arobaini na kitu, mwenye tabasamu la kuhudumia wateja. Aliwaketisha nyuma ya duka, kati ya makopo ya rangi, akaagiza maji ya kunywa. Inspekta hakuyagusa.

"Shangazi yako yuko wapi, bwana?"

"Amesafiri, afande. Ameenda kupumzika kwa jamaa zetu, mbali kidogo. Huko simu hazishiki vizuri."

"Nilisikia amehamia kwako."

"Alihamia, ndiyo. Kisha akaomba kwenda huko."

"Jamaa gani?"

"Wa upande wa babu. Watu wazima, huwajui."

"Siwajui. Ndiyo maana nauliza." Mpwa akaisogeza gilasi ya maji mbele yake. "Siku anahama alishuka ngazi mwenyewe?"

"Mwenyewe. Nilimshika mkono tu."

"Amevaa viatu gani?"

Tabasamu lilibaki mahali pake, lakini macho yaliondoka. "Vyake. Vya kawaida."

"Vya kawaida," Inspekta alirudia taratibu, kama anayeonja chumvi. Kisha akainuka, akamshukuru, akamwomba asisafiri, akatoka.

Kwenye gari Sajini alishindwa kujizuia. "Mkubwa, yule anaongopa mpaka masikio yanatikisika. Kwa nini hatukumchukua?"

"Tukimchukua sasa atafunga mdomo, na kama shangazi yake yuko hai mahali, hatujui anahitaji nini na nani anampa. Hebu fikiri. Mwalimu hana mtoto, hana ndugu mwingine. Angekufa kifo cha kawaida, fleti ingekuwa ya nani?"

"Ya mpwa."

"Bila dalali, bila wakili, bila kumtafuta bibi wa kuigiza. Angevaa nyeusi, angepokea pole, angerithi. Anayehitaji mwigizaji ni mtu ambaye mwenye mali yu hai na hatatia saini. Au amekufa kifo ambacho hakiwezi kuonyeshwa kwa watu."

Sajini akaacha kutafuna kijiti chake cha meno. "Tutajuaje ni lipi?"

Inspekta alikuwa na kimoja cha viatu vile vyeusi ndani ya mfuko wa vielelezo. Akakigeuza juani. Ndani ya kisigino, kwenye ngozi, palikuwa na alama iliyochomwa kwa moto, mfano wa sindano iliyopinda. "Alitolewa kwake bila kiatu hata kimoja. Kama bado anaishi, kuna siku mtu atataka asimame. Na hawezi kusimama na kiatu cha dukani. Tumtafute aliyetengeneza hiki. Kama hakuna aliyeagiza kingine, basi tunatafuta kaburi."

*

Waliuliza kwa mafundi viatu watatu kabla ya kuelekezwa kwenye uchochoro uliokuwa nyuma ya stendi ya mabasi. Fundi mwenyewe alifanya kazi mlango ukiwa wazi, kuta zake zimejaa miguu ya mbao iliyoning'inizwa kwa misumari: miguu mifupi, iliyopinda, yenye vidole vilivyopandana. Aliitazama alama, akakipokea kiatu.

"Cha Mwalimu huyu. Kimefanya nini?"

"Mara ya mwisho alikuja lini?"

"Yeye? Zamani kidogo. Hata mimi nimejiuliza." Akanyoosha mkono ukutani akashusha mguu mmoja wa mbao. "Lakini juzijuzi lilitokea jambo. Alitumwa mtu na vipimo vya mguu, kutoka ile nyumba ya kutunzia wazee, juu kule kwenye barabara ya tangi la maji. Mtaalamu wao wa mazoezi anataka mgonjwa wake wa kiharusi aanze kutembea. Kushoto kuongezwe soli. Nikachonga, nikaona naurudia mguu ninaoujua. Nikauweka huu pembeni: ni uleule, mpaka kifundo. Nikamwuliza aliyetumwa, huyu si Mwalimu? Akasema hapana, ni mama mwingine kabisa, akanitajia na jina."

"Unalikumbuka?"

Fundi akalitaja. Sajini akaliandika, kisha akaliangalia tena, akafungua kurasa alizoandika asubuhi kuhusu watu wa nyumba ya mpwa.

"Mkubwa. Huyu ni mama mzazi wa mke wa mpwa. Mama mkwe wake."

Inspekta aliitoa simu hapohapo uchochoroni. Akaamuru askari wawili wasimame kwenye lango la nyumba ile ya wazee na mgonjwa asiondolewe na yeyote, hata na mwenye barua. Wengine wawili wakakae mbele ya duka la vifaa vya ujenzi, wasiingie, wasimwache mpwa atoke. Kisha akauliza mama mkwe anaishi wapi. Hapakuwa mbali.

Mama mkwe alikuwa uani, anaanua nguo. Alikuwa bibi mwembamba, mnyoofu, na alipowaona wageni alitembea kuwalaki akiwa na kapu la nguo kiunoni, hatua zake sawa, nyepesi.

"Karibuni, karibuni ndani."

"Ahsante, mama," Inspekta alisema. "Tumefurahi kukuona mzima. Tumeambiwa umelazwa, una kiharusi."

Kapu likamponyoka. Hakuna aliyeinama kuziokota nguo. Mama mkwe alitafuta ukuta kwa mkono, akajishusha mpaka akakaa kizingitini, na kwa kitambo akawa mtu wa kutazama vidole vyake vya miguu tu.

"Tulianza na kadi ya bima," alisema hatimaye. "Wallahi tulianza na kadi ya bima tu."

Inspekta akakaa kizingitini pamoja naye.

"Mkwe wangu alimkuta Mwalimu asubuhi hajiwezi, upande mmoja umelala, ulimi mzito. Akambeba, akamkimbiza hospitali. Kule wanataka bima, na ya Mwalimu ilikuwa imekwisha, hakuihuisha. Mkwe wangu akanipigia simu analia. Nikasema, chukua yangu, mwanangu, mtu asife kwa ajili ya kadi. Tuko rika moja. Nani angejua?" Alijifuta pua kwa upindo wa nguo. "Wakamwandika kwa jina langu. Wakamtibu kwa jina langu. Akapona kidogo, wakamhamishia nyumba ya wazee kwa jina langu. Ikawa kila karatasi inasema yeye ni mimi."

"Na wewe ukawa nani?"

"Mkwe wangu ndiye aliyeniambia. Alikuja akakaa hapo ulipokaa. Akasema, mama, zile ngazi hatazipanda tena. Fleti itakaa bure mpaka iliwe na mchwa. Yeye anacho kitambulisho cha Mwalimu, na mimi sura yangu si mbali na ile picha. Ni kukaa kwenye kiti cha wakili, kutia saini, basi. Nilijiambia ni kwa ajili ya wajukuu." Alitikisa kichwa. "Yule nesi aliyenunua alinishika mkono, akaniahidi ataitunza nyumba yangu vizuri. Mkono wangu ukawa kama si wangu."

"Umewahi kwenda kumtazama Mwalimu?"

"Mara moja. Ulimi wake ulikuwa umeanza kurudi. Alinitazama sana, akaninyooshea kidole, akasema, 'Wewe ndiye mimi.'" Mama mkwe akajifunika uso kwa viganja. "Sikurudi tena."

Inspekta akamwachia muda wa kulia. Kisha akamsaidia kuinuka, akamwonyesha Sajini mlango wa gari. Nguo akazikusanya mwenyewe, akaziweka ndani, akafunga mlango wa uani.

*

Nyumba ya wazee ilikuwa jengo jipya, la chini, lenye korido ndefu iliyonukia dawa ya kusafishia sakafu. Msimamizi aliwapokea kwa wasiwasi wa mtu aliyeona askari wamesimama langoni kwake tangu mchana. Alipoulizwa juu ya mgonjwa, alijibu kwa upole.

"Anaendelea vizuri mno. Maneno yamerudi, mguu unapata nguvu. Tatizo ni akili. Kila asubuhi tukimwita kwa jina lake anakataa. Anasema siyo lake. Daktari alisema ni kawaida kwa ugonjwa ule."

"Anajiita nani?"

"Jina jingine tu analolijua mwenyewe."

"Kila siku jina tofauti?"

Msimamizi akasita. "Hapana. Ni hilohilo."

"Hilohilo, kila asubuhi. Na mtaa anaoutaja, na kazi yake?"

"Hivyo navyo…" Rangi ya uso ikamtoka msimamizi. "Ni vilevile. Hajawahi kuvibadili."

Inspekta hakumwongezea neno. Alimwomba aongoze njia.

Mwalimu alikuwa kwenye kiti cha magurudumu kando ya dirisha, amevaa viatu vipya vyeusi, cha kushoto kimenyanyuliwa. Nywele zake nyeupe zilikuwa zimesukwa na mtu mwenye haraka. Hakugeuka waliposimama nyuma yake. Alikuwa ameshazoea watu wanaosimama nyuma yake.

"Shikamoo, Mwalimu," Inspekta alisema.

Kichwa kikageuka polepole, kikisaidiwa na bega.

"Marahaba," Mwalimu alijibu. Maneno yalitoka moja moja, kila moja likiwa limefanyiwa kazi. "Nani… kakwambia mimi ni mwalimu?"

"Majirani zako. Na fundi wako wa viatu. Mimi ni polisi. Tumekuwa tukikutafuta."

Mkono wake mzima ulishika mkono wa kiti. Hakulia. Aliangalia nje tena, kwenye kamba za nguo na ukuta wa tofali, na Inspekta akavuta kigoda, akaketi mbele yake, asizungumze mpaka aulizwe.

"Kijana wangu mmemshika?"

"Askari wako mlangoni kwake. Wanasubiri neno langu."

"Alinibeba mgongoni," Mwalimu alisema. "Ngazi zote zile. Sikuwa na sauti, lakini nilisikia. Alikuwa analia, ananiambia shangazi usife, shangazi usife." Alipumzika. "Siku ile alikuwa bado mtoto wangu. Sijui ni siku gani aliacha. Nimekaa hapa naitafuta siku yenyewe, siipati."

Sajini alijifanya anatazama bomba la ukutani.

"Na nyumbani kwangu? Kuna mtu?"

Inspekta akamweleza yote: Nesi na mume wake, jinsi walivyonunua kwa nia njema, jinsi Nesi alivyofungua kabati na asubuhi yake akaja kituoni peke yake huku akijua atakachopoteza. Mwalimu alisikiliza macho yamefumbwa.

"Msiwatoe," alisema. "Msiwatoe mpaka nimeonana nao. Huyo mama nataka nimwone kabla ya mtu mwingine yeyote."

Inspekta alitoka koridoni kupiga simu mbili. Ya kwanza ilikuwa fupi: kwa askari waliokuwa mbele ya duka. Ya pili ilipokelewa kabla haijaita sawasawa.

"Yuko hai," Inspekta alisema.

Upande wa pili ilisikika pumzi ya Nesi ikipanda na kushuka. Kisha simu ikabadili mkono, ikaja sauti ya mume.

"Afande? Mwambie hatujatoboa ukuta wowote. Nilikuwa nimeshapanga kutoboa sebuleni, nitundike taa. Sijatoboa. Mwambie tutafungasha pole pole, na sakafu tutaipiga deki."

"Amesema msiondoke kwanza. Anataka kumwona mkeo."

"Basi tutakuja," mume alisema. "Tutakuja sisi huko. Asisumbuke."

Inspekta aliporudi chumbani, jua lilikuwa limefika kwenye magoti ya Mwalimu. Msimamizi alikuwa amesimama ukutani, ameukumbatia ubao wenye taarifa za mgonjwa kama anayetaka kuuficha. Inspekta akamwomba atoke, kwa adabu, akaufunga mlango.

"Mwalimu, nitachukua maelezo yako. Ukichoka tutapumzika. Sajini ataandika, na hataandika neno ambalo hukulisema wewe."

Sajini akakaa ukingoni mwa kitanda, akaweka karatasi juu ya paja, akaibonyeza kalamu.

"Jina lako kamili?"

Mwalimu alitazama mlango. Akautazama mpaka akahakikisha kwamba umefungwa. Kisha akalisema jina lake, yote matatu, bila kukwama hata silabi moja, na Sajini akaliandika kama lilivyotoka.

"Nisomee," Mwalimu alisema.

Sajini akamsomea.

Mkono wa Mwalimu ulioshika kiti ukaachia.

"Tena," alisema.